Shajara ya mradi: kijitabu cha mimea na sonona

Wiki ya 1

Tumeanza na mimea 31 na kurasa 24. Hesabu haikubali, lakini siku ya kwanza hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufuta. Tuko watatu: mimi ninayeandika, dada mfamasia, na mwalimu wa botania aliyestaafu ambaye kukaa bure kumemshinda. Tunachotaka ni kijitabu cha Kiswahili kitakachomweleza mtu wa kawaida ni mimea ipi imechunguzwa kuhusu sonona, imeonekana kufanya nini, na inaishia wapi. Mpango ni kila mmea na ukurasa wake, kwa alfabeti, picha juu, maelezo chini.

Nusu ya kikao imeliwa na neno moja. Mwalimu anataka tuandike "huzuni" kwa kuwa kila mtu analielewa. Dada amekataa kabisa. Huzuni ni ya msiba, anasema, ina sababu na ina siku zake; hii nyingine inakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, inakuondolea hamu ya vitu ulivyovipenda, inavuruga usingizi na kula, na pengine inakuja bila msiba wowote. Kuna "unyogovu", ambalo wengi wamelizoea. Mimi masikioni mwangu linasikika kama ulegevu, na wenye ugonjwa huu wameshaitwa walegevu vya kutosha. Tumechukua "sonona", na "unyogovu" litatajwa mara moja mwanzoni ili anayelitafuta asipotee.

Wiki ya 2

Tumeweka kichujio: mmea unaingia kama tu umejaribiwa kwa binadamu wenye sonona, waliogawanywa makundi kwa kura, kundi moja likipewa mmea na jingine kidonge kitupu au dawa ya kawaida. Bora zaidi kama mgonjwa na daktari wote hawakujua nani anameza nini.

Orodha imeanguka kama majani ya kiangazi. Sehemu kubwa ya ile mimea 31 ilikuwa na ushahidi wa panya tu. Nimesoma jinsi jaribio lenyewe linavyofanyika: panya anatiwa kwenye chombo cha maji asichoweza kutoka, na mtafiti anahesabu sekunde ambazo panya ameacha kuhangaika na anaelea tu. Akipewa dondoo ya mmea akahangaika muda mrefu zaidi, inaandikwa kwamba mmea "unapunguza sonona". Kipimo hiki kimesaidia kuchuja dawa nyingi, sikidharau. Lakini panya anayeelea huenda amegundua tu kwamba hazami. Ningekuwa yeye nami ningepumzika.

Imebaki mitano: haiperikamu, zafarani, manjano, rodiola na lavenda. Kava tumeitoa, kwani tafiti zake ni za wasiwasi zaidi kuliko sonona, na ina historia ya kutiliwa shaka kuhusu ini. Ujerumani iliwahi kuiondoa sokoni mwaka 2002, ingawa mahakama baadaye zikatengua. Mwalimu amenuna kidogo. Alishaichora.

Wiki ya 3

Siku ya haiperikamu, Hypericum perforatum. Waingereza wanauita kwa jina la Mtakatifu Yohana kwa sababu unachanua karibu na sikukuu yake ya Juni 24. Sisi hatuna jina la kienyeji lililozoeleka, na sikutaka kulitunga. Tumekubaliana "haiperikamu", na jina la Kilatini pembeni, maana ndilo analopaswa kulitafuta kwenye kopo.

Mwalimu amekuja na kielelezo kilichokaushwa, kimebandikwa kwenye karatasi ngumu. Amechomoa jani moja dogo kwa kibano, akaliinua dirishani. "Tazama." Jani lote lina vitone vinavyopitisha mwanga, kama limechomwachomwa kwa sindano, ndiyo maana ya perforatum. Si matundu, ni vifuko vya mafuta. Kisha akanionyesha ukingo wa ua, penye vitone vyeusi. Akadondoshea ua moja tone la spiriti, akalisugua kwenye karatasi nyeupe. Pakabaki doa jekundu, zito, la kukushtua kwa ua la manjano. Hiyo ni haiperisini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ndiyo dawa yenyewe, na dondoo nyingi zilipimwa kwa kiasi chake.

Siku hizi macho yamehamia kwa haiperiforini. Hii haina rangi ya kujionyesha, lakini ndiyo inayozuia seli za neva zisirudishe haraka serotonini, noradrenalini na dopamini, kemikali ambazo seli hizo hupashana habari kwazo, zilizokwisha kumwagwa, hivyo zinakaa kazini muda mrefu zaidi. Dawa nyingi za sonona zinafanya kazi ya jamii hiyo hiyo, ingawa kwa mlango tofauti. Tabu ya haiperiforini ni kwamba haipendi maji, na inaharibika ikikutana na mwanga na hewa. Kwa hiyo anayechemsha majani makavu yaliyokaa mwaka mzima kwenye mfuko wa plastiki hanywi kitu kile kile kilichojaribiwa na watafiti. Waliojaribiwa walimeza dondoo iliyopimwa, mara nyingi miligramu 300 mara tatu kwa siku.

Nimeandika hilo kwa herufi nzito. Dada amelipunguza uzito. "Kaka, ukipaza sauti kila mstari, hawatakusikia penye hatari."

Wiki ya 5

Wiki ya nne nilikuwa na homa, hakuna kilichofanyika.

Hii nayo imekwenda yote kwenye karatasi mbili zinazogombana. Ya kwanza ni mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba: majaribio 29, watu 5,489. Haiperikamu ilishinda kidonge kitupu, ikalingana na dawa za kawaida za sonona, na waliojitoa kwa sababu ya madhara walikuwa wachache kuliko kwa wale wa dawa. Wenyewe waandishi wanakiri kwamba matokeo kutoka nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako madaktari wameizoea kwa miaka mingi, yalikuwa mazuri kuliko ya kwingine.

Ya pili ni jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2002: watu 340, makundi matatu, wiki nane. Waliopona vizuri walikuwa asilimia 24 kwa haiperikamu, na asilimia 32 kwa kidonge kitupu. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu na kutangaza kwamba mmea ni bure. Lakini kundi la tatu lilimeza setralini, dawa ambayo madaktari wanaiandika kila siku, na humo waliopona vizuri walikuwa asilimia 25. Nayo haikukishinda kidonge kitupu.

Nilimpigia dada usiku. Akacheka. "Kaka, ukiweka jiwe la kilo moja kwenye mzani, mzani ukasoma sifuri, utasema jiwe halina uzito?"

Kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi kwamba haiperikamu inafaa, wala halina nguvu ya kuthibitisha kwamba haifai. Sonona yenyewe inapanda na kushuka, na mtu anayetembelewa, anayesikilizwa na kupigiwa simu kila wiki hupata nafuu hata kama ndani ya kidonge kuna wanga mtupu. Kulieleza hili kwa sentensi mbili kumenichukua siku tatu. Lililobaki ukurasani ni hili: kwa sonona nyepesi hadi ya wastani, dondoo zilizopimwa zimesaidia watu kuliko kidonge kitupu, kwa sonona kali, usiitegemee.

Wiki ya 6

Zafarani. Nimejifungia na mzani mdogo na kibano.

Uzi wa zafarani ni ncha ya kike ya ua la Crocus sativus, na kila ua lina ncha tatu tu. Kilo moja iliyokauka inadai maua kama 150,000. Mmea wenyewe ni tasa, hauzai mbegu. Tangu kale binadamu ndiye anayeupanda kwa kugawa vitunguu vyake vya chini ya ardhi. Majaribio mengi, na ya mwanzo yalifanyika Tehran kuanzia miaka ya 2000, yalitumia miligramu 30 kwa siku kwa wiki sita hivi. Nilitaka kujua miligramu 30 ni nini machoni. Kwa hesabu ya maua, gramu moja ni nyuzi kama 450, hivyo miligramu 30 ni nyuzi 13 au 14. Nikazipima. Mzani wangu uligoma kusoma kitu chepesi kiasi hicho. Nikaweka 50 pamoja, nikagawa. Imekaribia. Nyuzi 14 zinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki.

Kisha nikatia nyuzi kwenye maji ya uvuguvugu. Ile halisi inachelewa: dakika kadhaa kabla maji hayajawa ya dhahabu, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ile ya bei rahisi niliyonunua makusudi ilimwaga rangi papo hapo, uzi ukawa mweupe kama nyuzi za hindi. Nadhani zilikuwa ndizo.

Matokeo ya tafiti yanapendeza, labda kupita kiasi. Zafarani ilishinda kidonge kitupu na ikalingana na fluoksetini, na kwenye jaribio jingine na imipramini, zote mbili dawa za kawaida za sonona. Lakini makundi yalikuwa ya watu 30, watu 40, na mengi yametoka katika mikono ile ile. Pia walipewa dondoo kwenye kapsuli, hawakuhesabu nyuzi. Nimeipa zafarani ukurasa mmoja, na ndani yake sentensi moja inayosema kwamba kipimo kikubwa kina madhara, hasa kwa mwenye mimba. Mwalimu anasema ukurasa huu ndio mzuri kuliko yote. Ni kwa sababu ya mchoro wake.

Wiki ya 7

Manjano na rodiola kwa siku mbili, maana hakuna cha kuzunguka. Kurkumini ya manjano inafyonzwa vibaya mno. Ndiyo sababu wengi wanaiunganisha na piperini ya pilipili manga, ambayo katika jaribio dogo la mwaka 1998 ilipandisha kiwango chake kwenye damu mara 20. Kuhusu sonona kuna majaribio machache yenye matumaini, kama lile la mwaka 2014 la watu 56, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Na kuna taarifa za watu walioumia ini kwa kutumia vidonge vyenye kurkumini nyingi. Rodiola ililinganishwa na setralini na kidonge kitupu kwa watu 57, wiki 12, mwaka 2015. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa kiasi cha kuaminika, ila rodiola haikusumbua watu kama setralini. Lavenda tumeihamishia kwenye kiambatisho, kwani ushahidi wake mzuri ni wa wasiwasi.

Mwalimu ameomba nusu ukurasa wa mmea unaokwenda kinyume, na nimempa. Rauwolfia serpentina umetumika India kwa karne nyingi, na mwaka 1952 ikatolewa ndani yake reserpini, iliyoshusha shinikizo la damu vizuri. Kisha madaktari wakaanza kuripoti wagonjwa wa presha wanaozama kwenye sonona. Reserpini inamaliza akiba ya serotonini na wenzake kwenye neva. Miaka hiyo hiyo dawa ya kifua kikuu, iproniazidi, ilikuwa ikiwachangamsha wagonjwa kwa kuzuia vitu hivyo hivyo visivunjwe. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba sonona ina uhusiano na kemikali hizo. Baadaye watafiti walihoji kama reserpini iliwaathiri watu kwa wingi ule uliodhaniwa, lakini wazo lilikuwa limeshaondoka nyumbani. Mmea mmoja, na bado ni wa asili, na bado umetoka kwenye udongo ule ule.

Wiki ya 8

Wiki ya dada. Amekuja na karatasi aliyoichora ini kama ofisi yenye makarani.

Haiperiforini ikifika kwenye ini inabonyeza swichi inayoamuru mwili utengeneze vimeng'enya zaidi, hasa kile kiitwacho CYP3A4. Makarani wanaongezeka. Kazi yao ni kuvunja kemikali ngeni, na hawachagui: wanavunja pia dawa nyingine unazomeza, na kuzitoa mwilini kabla hazijafanya kazi. Mwaka 2000 watu wazima wenye afya walipewa indinaviri, dawa ya kudhibiti VVU, kisha wakaongezewa haiperikamu. Jumla ya dawa kwenye damu ilipungua kwa asilimia 57. Mwaka huo huo iliripotiwa kutoka Zurich habari ya wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo: walianza kumeza haiperikamu, kiwango cha saiklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kigeni, kikashuka, miili ikaanza kuukataa moyo.

Vidonge vya uzazi wa mpango vimo. Warfarini ya kuzuia damu kuganda imo. Digoksini ya moyo imo. Dolutegraviri ya VVU imo. Na ukiacha haiperikamu leo, makarani hawaondoki leo. Inachukua kama wiki mbili.

Nilikuwa nimemwekea dada nafasi ya kisanduku cha onyo chini ya ukurasa wa haiperikamu. Alikitazama kisanduku, akanitazama mimi.

Wiki ya 9

Tumewasomea watu sita rasimu. Mmoja ni mama wa makamo, ametibiwa sonona miaka kadhaa, alikuja na miwani yake na kalamu nyekundu. Alisoma ukurasa wa haiperikamu mpaka chini, akafika kwenye kisanduku, akakigonga kwa kalamu.

"Mwanangu, hii mnayokataza mimi nimeshaimeza."

"Mama, ulimeza pamoja na nini?" dada akauliza.

Na setralini. Kapsuli za haiperikamu aliletewa zawadi. Siku ya tatu alianza kutoka jasho usiku, tumbo likaharisha, moyo ukaenda mbio, na mikono ikatetemeka hata kikombe akakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Hakuogopa. Alifurahi. Alidhani dawa inatoa uchafu mwilini, akaongeza kapsuli ya pili.

Dada alikuwa ameshaacha kuandika. Hiyo ni serotonini iliyozidi, kwa njia mbili zilizofunguliwa kwa pamoja, na inaweza kuua. Mama alifikishwa hospitali na mwanawe. Waliuliza anatumia dawa gani. Akataja setralini.

"Na zile kapsuli?"

"Hawakuuliza majani, mwanangu. Wameuliza dawa."

Siku mbili za ziada za kutafuta ugonjwa ambao ulikuwa kwenye mkoba wake. Simlaumu yeye, wala yule aliyemuuliza. Nimelaumu rasimu yangu. Kwenye ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, "wakati dawa zinaleta madhara, mimea...". Sentensi hiyo ilikuwa inamfundisha msomaji kwamba hivyo ni vitu viwili. Nimeifuta mbele yake, akanisogezea kalamu nyekundu nitumie hiyo.

Wiki ya 10

Alfabeti imekufa. Tumebishana kuhusu nini kikae mwanzo. Mwalimu anataka mimea, maana ndiyo jina la kijitabu. Dada anataka mwanzo uwe mtu, si mmea: umri, mimba, kunyonyesha, kama umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila usingizi (haiperikamu, kama dawa nyingine za sonona, inaweza kumrusha huko mwenye ugonjwa wa hisia mbili), na unameza nini. Nimepiga kura na dada. Mwalimu amesema sawa, lakini jani lenye vitone libaki kwenye jalada.

Ukurasa wa pili sasa una jambo moja tu: ukiwa na mawazo ya kujiua, au ukiwa huli wala hulali kabisa, usingoje mmea wala usingoje kijitabu hiki. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Haiperikamu inapofaa, inachukua wiki kadhaa, na hizo huenda huna. Hapo dada ameniruhusu herufi nzito.

Wiki ya 12

Ukurasa wa kwanza umeandikwa upya mara nne. Toleo la kwanza liliuliza "Unatumia dawa gani?", na watatu kati ya wanne tuliowajaribu waliandika vidonge tu. La pili liliongeza "na mitishamba", wakaandika mitishamba waliyopewa na mtu, wakaacha waliyojinunulia. La sasa linasema: "Andika kila kitu unachomeza, kunywa, kunusa au kujipaka ili ujisikie vizuri, hata kama wewe hukiiti dawa." Ni refu, lakini linafanya kazi.

Wiki ya 13

Jaribio la mwisho kabla ya kuchapa. Baba mmoja amejaza ukurasa mbele yetu, polepole, bila kusema. Kidonge cha presha. Kidonge cha kulala, anapokosa usingizi. Akanyamaza. Akaandika manjano, kijiko, asubuhi. Akaandika kapsuli nyingine ambayo jina hakulikumbuka, akachora kopo lake. Kisha akainua kichwa.

"Na chai ya majani anayonichemshia mke wangu, niihesabu?"

"Ihesabu, baba," dada akasema.

Mistari ilikuwa imekwisha. Akageuza karatasi, akaendelea nyuma.

Nimebadilisha faili usiku huu: mistari ilikuwa mitano, sasa ni kumi na miwili.